Unamfungia mbwa bandani mchana kutwa halafu mimi ndio naambiwa namharibu wangu

Jumapili iliyopita tulikuwa na kikao cha mtaa, ajenda ulinzi. Kuna nyumba zimeingiliwa hapa Moshono, Arusha, wamebeba tivii, mtungi wa gesi na viatu vya watoto vilivyokuwa kibarazani (viatu vya shule jamani, mtu mzima unaiba viatu vya shule), kwahiyo watu walijaa kuliko siku ile ya kikao cha taka. Tukaongea taa, tukaongea hela ya mlinzi ambayo nusu ya mtaa hailipi na wasiolipa ndio walioongea sana, halafu baba mmoja, mtu mzima na namheshimu, akasimama akasema tatizo lingine ni mbwa wa siku hizi wameharibiwa, kuna watu humu humu wanawazungusha na kamba asubuhi kama wako Ulaya, mbwa anazoea kila mtu, mwizi akija anachezewa mkia. Hakutaja jina. Hakuwa na haja, maana anayetembeza mbwa kwa kamba mtaa mzima ni mimi, na watu wote wakageuka kuniangalia kana kwamba ule mtungi wa gesi uko kwangu.

Nikanyoosha mkono, mwenyekiti akasema muda umeisha. Haya, huku muda hauishi.

Mbwa wa huyo mzee namjua vizuri, napita pembeni ya uzio wao kila asubuhi. Jemani shepadi mzuri, mgongo mweusi, masikio yamesimama, alinunuliwa hela nyingi na tuliambiwa wote ni hela ngapi. Anakaa kwenye banda la mabanzi lenye bati juu, akijinyoosha pua iko ukuta huu na mkia uko ule. Anafunguliwa usiku geti likishafungwa, alfajiri anarudishwa ndani kabla watoto hawajatoka kwenda shule. Mchana kutwa anazunguka mle mle, upande ule ule, mpaka udongo umechimbika mfereji wa duara na mvua ikinyesha mfereji unajaa maji na bado anazunguka humo humo. Mguu wa mbele wa kushoto una kidonda hakiponi. Hajang'atwa na kitu. Anaulamba mwenyewe, analamba mpaka manyoya yameisha imebaki nyama nyekundu, na muulize daktari yeyote wa mifugo atakwambia moja ya sababu zake ni mnyama kukaa peke yake bila kazi.

Sasa huyo ndio tunaambiwa mbwa wa ulinzi ambaye hajaharibiwa.

Tuongee huo ulinzi basi. Huyo mbwa anabwekea boda. Anabwekea muuza maziwa, anabwekea kuku, anabwekea mama wa mboga ambaye anapita hapo kila siku ya Mungu, anabwekea mvua ikigonga bati. Akifunguliwa usiku ndio balaa, anaanza saa nne mpaka adhana ya alfajiri bila kupumzika, na wenye nyumba wamelala wamejifunika mto kichwani, na sisi majirani hivyo hivyo. Na nyumba mojawapo iliyoingiliwa imepakana na kwake! Uzio mmoja! Mbwa alibweka usiku mzima, kila mtu alimsikia, hakuna aliyewasha taa, kwasababu huwa anabweka usiku mzima. Sijui kwenye kikao hilo lilirukwa vipi, maana lilikuwa limekaa pale katikati yetu linatuangalia.

Mbwa wangu Bosko ni chotara, mama yake jemani, baba yake anajua mwenyewe alikotokea. Anatoka na mimi asubuhi kabla jua halijachomoza, tunashuka na ile njia ya vumbi ya migomba, anakutana na ng'ombe, anakutana na wanafunzi, machalii wa boda kijiweni wanamwita kwa jina na yeye hata hageuki. Kwahiyo hao wote ameshawaona, ameshawanusa, hawamsumbui. Ndio maana usiku akibweka naamka. Mwezi uliopita akabweka saa nane, mfululizo, ile sauti ya chini, nikawasha taa nikatoka na panga na night-dress, nikakuta ndama wa jirani amekata kamba yuko kwenye mahindi yangu anakula bila wasiwasi. Cheka tu. Lakini kitu kisicho cha kawaida kilikuwepo na mbwa alikijua, wakati yule wa bandani kwake kila kitu si cha kawaida kwasababu hajawahi kuona kitu chochote.

Na wala sio mambo ya Ulaya. Kuna yero mmoja, kijana wa Kimaasai, analinda nyumba ya tatu kutoka kwangu, kwao Monduli, siku moja tumesimama pale getini akaniuliza kwa mshangao kabisa, hivi hawa watu wa mjini kwanini wanafunga mbwa? Kwao mbwa anatoka na mbuzi asubuhi, anarudi na mbuzi jioni, hana banda, hana mnyororo, anajua watoto wote wa boma na wa maboma ya jirani, na ukitaka kujua kama amelegea kwa kutembea ingia hapo usiku bila kuita hodi. Nikamwambia aje aseme hivyo kikaoni, akacheka tu, mlinzi wa getini nani atampa nafasi ya kuongea mbele ya wenye viwanja.

Hata huyo jemani mwenyewe tunayemfungia ni mbwa wa machungani. Jamaa aliyeianzisha rasmi hiyo mbegu, Max von Stephanitz, mwanajeshi wa Kijerumani, mwaka 1899 aliandikisha wa kwanza kwasababu alimpenda anavyofanya kazi na kondoo. Kazi yake ilikuwa kutembea kutwa nzima pembeni ya kundi, kondoo wasiingie shamba la mtu, huku akimwangalia mchungaji na akitumia akili yake. Miguu ile na akili ile vimetengenezwa kwa ajili hiyo. Wewe unaenda kununua huyo, kwa bei hiyo, unamweka kwenye futi nne kwa sita, halafu unashangaa anakula mbao.

Kuna wa pilipili na bangi pia. Eti mbwa apewe awe mkali. Na nyie mnaendesha magari.

Kingine, ukali wa kujua nani ni nani unaanza kujengwa akiwa mtoto, kuanzia wiki ya 3 mpaka ya 14 hivi, hapo ndio ubongo wake unapokea kirahisi watu, sauti, pikipiki, miavuli, kila kitu. Akipita umri huo hajaona kitu zaidi ya mabanzi, mtahangaika naye. Najua, najua, mtaniambia hapo chanjo hazijakamilika na pavo, ule ugonjwa wa kuhara, inaua watoto wa mbwa, na ni kweli, usimshushe chini kwenye njia wanayopita mbwa wote wa mji. Mbebe. Nilimbeba Bosko kwenye kanga mpaka dukani, Mangi mwenye duka akaniuliza mtoto ana miezi mingapi, akafunua, hajanisamehe mpaka leo.

Halafu wapo wa "uwanja wangu mkubwa unatosha". Hawa nina uvumilivu nao kidogo maana angalau mbwa hajafungwa. Ila kaa siku moja uangalie huyo mbwa wa uwanja mkubwa anafanya nini. Amelala mlango wa jikoni. Anasubiri ukoko. Uwanja ule ule, harufu zile zile, mwembe ule ule, yeye mwenyewe mwaka jana alishamaliza kuukagua, ataukimbilia nini leo? Ananenepa, anazeeka nyonga vibaya, na majemani nyonga zao zenyewe ni za mashaka toka kuzaliwa. Kutembea ni kunusa. Bosko anaweza kusimama kwenye nguzo moja ya umeme muda mrefu mpaka nichoke, pua imegusa mti kabisa, anavuta pumzi fupi fupi, anahama kidogo kushoto, anarudi, anafumba jicho moja. Simvuti tena. Hiyo ndio taarifa yake ya habari.

Ambao nagombana nao kweli kweli ni wale wa kufungua geti asubuhi mbwa atoke "ajitembeze mwenyewe". Hapana. Hapo mimi na yule mzee wa banda tuko timu moja, na inaniuma kusema hivyo. Mbwa anayezurura anagongwa na noah, anapandisha kila jike kuanzia hapa mpaka Kijenge halafu watoto wake ndio tunaowaita koko na kuwapiga mawe, na kubwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani, asilimia 99 wanasema Shirika la Afya Duniani, wamekipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza mtu haponi. Haponi, sio "ni vigumu". Anayezurura anang'atana na asiyejulikana huko, jioni anarudi analambana na wanao, na dalili zinaweza kuchukua miezi kabla ya kujitokeza. Chanjo ni mara moja kwa mwaka, kuanzia akiwa na miezi mitatu, inabidi mbwa 70 kwa kila 100 wawe wamechanjwa ndio ugonjwa ukose pa kupita. Na akikung'ata mbwa usiyemjua, usikimbilie kupaka mafuta ya taa wala kahawa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kidonda kikiwa kidogo.

Wa kumfunga mbwa kwenye pikipiki akimbie nyuma: hapana. Sina maelezo.

Moshi mambo ni tofauti kidogo. Dada yangu anakaa Soweto kule, Januari na Februari lami inawaka, na mbwa hana jasho la mwili mzima kama sisi, anajipooza kwa kuhema. Yeye anaweka kiganja upande wa nyuma juu ya lami, akishindwa kukiacha kwa sekunde saba hamtembezi, anasubiri jioni. Huku kwetu baridi ya Julai tunapigana na kitu kingine, mimi ndio sitaki kutoka kitandani na yeye ndio ananivuta.

Sasa kuna watu ambao wana haki ya kunichukia na nakubali kwa shingo upande. Wanaoogopa mbwa. Kuna mama mmoja aling'atwa utotoni, akituona kwa mbali anaganda pale pale alipo, ukimwambia "hang'ati huyu" unamtukana tu. Navuka barabara. Kuna majirani Waislamu ambao mate ya mbwa ni najisi na mtu anaenda zake msikitini na kanzu safi, Bosko hana sababu yoyote ya kwenda kumsalimia, nafupisha kamba, napisha njia, asubuhi njema sheikh. Kamba ni ya kwangu kubeba, sio ya kwao kuomba. Na kinyesi naokota, ndio, na mfuko, na mnacheka, chekeni.

Wajerumani, hao hao wenye jemani yao, wameweka kwenye kanuni zao kwamba mbwa apewe muda wa kutosha wa kujinyoosha nje, sio bandani. Najua mtasema hiyo ni kwao. Sawa, na sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ya hapa hapa, na inatambua kwamba mnyama ana haki ya kuishi kwa tabia zake za asili. Kuzunguka kwenye mfereji sio tabia ya asili ya mbwa yeyote niliyewahi kusikia.

Kinachobaki ni "muda sina", na hicho nakielewa, mtu anaamka saa kumi na moja awahi kazini, jioni foleni ya makutano ya Philips, akifika nyumbani hata mtoto wake anamkuta amelala. Basi mwagia dagaa zake kwenye nyasi azitafute kwa pua badala ya kumjazia bakuli, atahangaika nusu saa na atalala amechoka. Mtupie mpira wakati unasubiri maji yachemke. Mlipe chalii wa jirani asiyeogopa mbwa, mpe kamba nzuri, mfundishe, wako wengi wanatafuta hela ya vocha. Ila kama huna muda, huna nyasi, huna hela ya chalii, na nia yako ni kelele tu mwizi akikaribia, kwanini umnunue jemani? Fuga bata bukini. Anapiga kelele akiona mgeni, hahitaji kamba, anakula majani, na Krismasi ikifika hakuna mtu atakayekuuliza umempeleka wapi.