Makaburi ya Nyumbani Tusiyafunike Vigae

Jumapili iliyopita kundi la WhatsApp la ukoo halikunyamaza tangu asubuhi. Mchango wa vigae. Makaburi matano ya nyumbani Marangu, Kilimanjaro, yamwagiwe zege na kuvikwa vigae vyeupe kabla ya Desemba, "ili tupumzike na haya majani." Hilo neno kupumzika limenikaa kooni wiki nzima.

Bibi alizikwa 2009 kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo linalozunguka nyumba, hatua chache kutoka jiko lake. Baba alichomeka masale, ile mimea ya majani marefu tunayoiheshimu sisi Wachagga, pembe nne. Shangazi alileta ukoka kwenye ndoo kutoka kwake, akaupandikiza kipande kipande mvua za masika zilipoanza. Na isale, hata likiwa moja, si ua la pambo. Mtu aliyekukosea akija mlangoni na jani la isale mkononi, humfukuzi. Mpaka wa kihamba ni isale, msamaha ni isale, na pale alipolala mzee wako ni isale. Leo tunataka kuling'oa tuweke kigae cha bafuni?

Mwaka juzi ndugu yetu mmoja, kwa nia njema, alimlipa kijana apulizie makaburi dawa ya kuua magugu. Dawa ile haichagui: ukoka ni jani kama majani mengine. Tulipofika kwa ajili ya Krismasi, kaburi la Bibi lilikuwa la kahawia tupu, masale mawili yamekuwa ya njano, na kwa kuwa kwetu ni mteremko na mizizi ya kushika udongo ilikuwa imekufa, mvua za vuli zilishachimba mfereji upande wa kichwani. Shangazi alisimama pale muda mrefu bila kusema. Kisha akapiga magoti, akaanza kurudisha udongo kwa mikono.

Wanaosema zege ndiyo suluhisho waende wakaangalie la Babu. Lilijengewa mapema mno. Jeneza likioza udongo hushuka, na zege likabaki halina cha kulishikilia, likapasuka katikati. Sasa magugu yameota ndani ya ufa. Ukiyavuta yanakatikia juu, mzizi unabaki chini.

Wengine wanasema mifugo itakanyaga. Ng'ombe wa kwetu wanakatiwa majani, wanalishwa zizini. Hiyo si hoja.

Nakubali kwamba sisi wa Dar na Mwanza hatuwezi kupanda mlimani kila mwezi. Lakini kazi yenyewe si kubwa kama inavyosemwa. Ukoka unataka jua, kwa hiyo punguza majani ya migomba yanayouzibia. Magugu yang'oe kwa mkono siku moja baada ya mvua, udongo ukiwa laini, na usipitishe jembe. Isale likifa, kata shina la urefu wa mkono kutoka kwenye mpaka, lichomeke mvua zikianza, litashika. Kijana wa jirani akilipwa kwa kazi hiyo kila baada ya miezi miwili, malipo yake hayatafikia hata robo ya bei ya vigae.

Na kuna jambo ambalo hakuna fundi atakayetuletea. Desemba iliyopita tulipalilia pamoja, watoto wote wakiwa wamechuchumaa. Binti yangu wa miaka saba akauliza huyu ni nani, na huyu, na kwa nini hili ni fupi. Shangazi akamwambia ni la mdogo wake aliyefariki akiwa mchanga. Mimi nina miaka arobaini na moja. Nimepita mbele ya kaburi lile maisha yangu yote, na siku hiyo ndiyo nilijua.

Mchango wangu nimeutuma. Kwenye maelezo nimeandika: wa palizi na mkasi wa majani, si wa vigae. Hadi sasa aliyejibu ni Shangazi peke yake. Ametuma ujumbe wa sauti, anasema ukoka kwake umejaa, nije na ndoo.