Simu imemfikisha machinga China, na Mchina kamfikia mteja wake

Zamani kuleta mzigo wa China ilitaka pasi, viza, nauli ya Guangzhou na mtu wa kukutafsiria, ndo maana Kariakoo ilikuwa na matajiri wachache wa kushusha kontena, sisi wengine tunachukua kwao kwa jumla. Sasa hivi dada wa Mbagala mwenye laki tano anaingia 1688, lile soko la jumla la Alibaba lililoandikwa Kichina kitupu, anapiga skrinishoti anatafsiri, hela anamtumia wakala kwa simu, wakala anamlipa Mchina kwa yuan, mzigo unapimwa CBM, yaani ukubwa wake kwa mita za ujazo, unapanda meli. Kuna watu wamesomesha watoto kwa njia hii, asikudanganye mtu.

Ila picha haishikiki. Mimi niliagiza mabegi ya mgongoni, kwenye picha unaona kabisa laptop inazama, yamefika hata kaunta buku haiingii. Unamrudishia nani sasa, wakati nauli ya kurudisha inazidi bei ya begi lenyewe?

Na hilo bado dogo. Kinachoniumiza kichwa ni kwamba njia iliyotuwezesha kumruka tajiri wa Kariakoo ndo hiyohiyo kiwanda kinaitumia kuturuka sisi. Programu za kuagiza moja moja hazilipi fremu, hazijui leseni wala mgambo. Na sio kilio cha wabongo tu, Marekani na ukubwa wake ilikuwa inaruhusu vifurushi vya chini ya dola 800 viingie bila ushuru, Temu na Shein, programu za kuagizia bidhaa za China, wakajaa humo mpaka Mei 2025 serikali ya Marekani ikafuta msamaha huo kwa mizigo ya China, Agosti ikafuta kwa nchi zote. Wanaosema tubane na sisi nawaelewa, lakini ukibana kifurushi ovyo unambana na yule dada wa Mbagala, maana naye mzigo wake ni kifurushi tu. Mimi ningeanza na programu zenyewe zilipe kodi kama mwenye duka.

Juzi mteja kanitumia skrinishoti ya begi kama langu, bei nusu, kaandika tu "vipi?". Nikamjibu hilo utalisubiri wiki kadhaa, langu boda anakuletea leo na zipu ikikatika unajua pa kunipata. Kalichukua. Ila kaomba nimpunguzie buku tano.