Mkanda wa kumridhisha trafiki siutaki

Mwaka jana nilimpelekea fundi mmoja ile gari ya Kiingereza, Triumph Herald, niliyoachiwa na mjomba, ya mwaka 1966, ile ya kukunja turubai, nikamwambia bwana nataka mikanda siti za mbele. Akaizunguka mara moja, akachungulia ndani, akasema, "Mzee, hiyo kazi ya nusu saa. Mikanda ya Noah ninayo hapo, nakupigia bolti mbili kwenye floo na moja kwenye bati la nyuma, trafiki akikuchungulia anakuta umefunga, maisha yanaendelea."

Nikamuuliza, na nikigonga je? Akacheka, "Mzee, we gari hii utaikimbiza wapi?"

Kiukweli swali lake lina maana, maana gari yenyewe safari zake ni Jumapili jioni kuzunguka Capri Point hapa Mwanza, tukae tuangalie jiwe la Bismarck na watu wanavyopiga picha, turudi zetu. Ila nikaondoka bila kufungiwa mkanda, na tangu siku hiyo nimekuwa nabishana na watu wazima wenzangu kwa sababu nasema hivi: mkanda uliofungwa kwenye bati tupu ni mbaya kuliko kutokuwa na mkanda kabisa. Bila mkanda mi naendesha kwa woga, 40 kwa saa, namuachia kila Hiace apite na matusi yake. Nikishafunga kamba kifuani nafsi inatulia, mguu unakuwa mzito, naanza kuovateki pale Buhongwa kana kwamba nipo kwenye Prado, kumbe kilichonishika ni bati ambalo ukilibonyeza kwa dole gumba linabonyea.

Watu hawapigi hesabu. Mtu wa kilo 70 akiwa spidi 50 halafu gari isimame ghafla, mwili wake ukapata kama nusu mita tu ya kusimamia, nguvu inayouvuta mkanda inakaribia tani moja na nusu. Kwenye kanuni ya kimataifa ya kupima sehemu za kufungia mikanda, kwa gari ndogo kile kipande cha kifuani kinavutwa kwa nguvu ya kilo kama 1,350 na cha kiunoni hivyo hivyo, vyote kwa wakati mmoja. Hiyo ni mifuko 27 ya saruji kwa kila kipande. Sasa chukua bolti na washa ndogo ya duara (kile kipete bapa cha chuma kinachokaa chini ya bolti) uipitishe kwenye bati la floo la miaka 60, halafu ning'iniza mifuko 27 hapo. Bolti haikatiki wala mkanda haukatiki, washa ndiyo inalitoboa bati kama kifuniko cha kopo la maziwa na kutoka nayo.

Ndio maana nyuma ya bati panatakiwa plati, kipande cha chuma kama milimita 3, kipana kama kiganja, pembe zimepigwa faili ziwe za duara zisiwe kisu. Plati inasambaza huo mzigo kwenye bati kubwa, na ikikaa karibu na kona au sehemu iliyokunjwa ndio bora zaidi kwa sababu bati lililokunjwa lina nguvu kuliko bati la katikati. Kazi yenyewe ni hiyo tu. Ila hamna anayeiona, iko chini ya kapeti, kwa hiyo hamna anayetaka kuilipia, tunalipia rangi.

Shida kubwa ya gari ya wazi ni begani. Kwenye gari ya kawaida mkanda unashuka kutoka kwenye nguzo ya kati ya milango, juu ya bega lako. Yangu hiyo nguzo haina, ukifungua turubai unabaki na milango, kioo cha mbele na upepo wa ziwa. Kwa hiyo pointi ya juu inaenda kukaa nyuma, juu ya lile tuta la bati linalofunika tairi, na hapo ni chini ya bega. Mkanda unaotoka chini ya bega siku ya kugonga unalivuta bega kushuka, uti wa mgongo unabanwa kama mtu kakukalia shingoni. Kwa hiyo unatafuta sehemu iliyo juu kadiri inavyowezekana, siyo unapiga tu pale drili inapofika kirahisi. Rafiki yangu mmoja kashauri tuchomelee bomba nyuma ya siti tufungie mkanda hapo juu. Bomba lililochomelewa kwenye bati lilelile? Hapo nimejitengenezea kitu cha kugonga kisogo tu.

Afu kuna wale wa kusema gari ya kizamani usiitoboe, unaharibu uasili wake, zilikuja bila mikanda tuziache bila mikanda. Hawa ndio walinifanya nianze kusoma, na nikakuta kitu cha kuchekesha. Herald ilitoka mwaka 1959, na mwaka huohuo Volvo wakaanza kuuza gari zenye mkanda wa pointi tatu wa injinia wao Nils Bohlin, na wakawaachia kampuni nyingine wautumie. Uingereza ilipofika 1965 wakalazimisha gari mpya ziwe na sehemu za kufungia siti za mbele, ingawa kuvaa wenyewe hawakulazimishwa mpaka Januari 31, 1983. Yangu ni ya 1966. Kwa hiyo nikajiuliza, kama ilikuja na matundu, yapo wapi?

Jumamosi moja nikang'oa kapeti zote. Mama watoto akapita akasema sasa umeamua kuiua kabisa. Pembeni ya tuta la tairi nikaona rangi imevimba kiduara, nikakwangua kwa bisibisi, ikatoka pati ngumu ya zamani, chini yake kuna kizibo cha plastiki, na chini ya kizibo tundu lina hesi (zile nyuzi za kuingizia bolti) safi kabisa, nati imechomelewa kwa nyuma toka kiwandani. Nilipiga kelele jirani akatoka nje. Miaka yote hiyo mjomba anaendesha bila mkanda matundu yalikuwepo, mafundi wa rangi wameyaziba mmoja baada ya mwingine. Nikayapata yote sita.

Ila usishangilie mapema. Bolti ya milimita 10 inaingia inachezacheza, ya 12 haigusi. Fundi wa pili (huyu kijana ni mzuri, ila haraka tu) akasema tupige tepu ya 12 (kile chuma cha kukatia hesi) tuyapanue, nikamshika mkono, maana ukipanua ile nati unakula chuma chake na hamna wa kukurudishia. Hesi za mkanda ni za inchi, saba juu ya kumi na sita, nyuzi 20 kwa inchi, yaani kama milimita 11 hivi ambayo huwezi kuikuta kwenye ndoo ya bolti za kawaida. Nilikuwa nshaanza kuulizia Dar. Kumbe Toyota, pamoja na gari zao kuwa milimita kila sehemu, bolti ya mkanda wameacha ileile ya inchi! Nikaenda kwa wauza spea za kukata, nikanunua bolti za mikanda za Noah, nikarudi nazo mfukoni, nikaijaribu ya kwanza ikaingia kwa vidole mpaka mwisho. Kwa hiyo yule fundi wa kwanza alikuwa na bolti sahihi pale gerejini kwake, alichokosea ni alikotaka kuzifunga.

Nati za upande wa dereva ndio zilinipa kazi. Gari ya turubai maji yanaingia tu, na mvua zetu mnazijua, unatoka mjini jua kali ukifika Igoma unaoga. Maji yanakaa chini ya kapeti wiki nzima, kutu inaanzia kwa chini. Nilipogonga kwa nyundo ndogo upande wa abiria ukalia kavu, wa dereva ukalia kama kadibodi. Kipande chote tumekikata, tukaweka bati jipya na plati mpya, na nilisimama palepale mpaka mwisho, hata chakula sikwenda kula, kwa sababu ya mrija wa breki unaopita chini huko. Kingine, mikanda ya mtumba sikuchukua. Mkanda ulioshakuwa kwenye ajali umeshavutika, na ulioanikwa juani unachakaa, na gari ya wazi yenyewe inauanika kila siku, kwa hiyo nimenunua mipya na nikipaki nafunga turubai.

Sa hivi nafunga mkanda hata kwenda dukani. Ule wa kiunoni nimehakikisha unalala kwenye nyonga, siyo kwenye tumbo, na tumbo lenyewe ninalo.

Watoto bado wamenuna. Siti ya nyuma haina tundu hata moja, nimekwangua kila kona, na kule bati ni jembamba sijaona pa kuweka plati nikaridhika, kwa hiyo hawapandi. Nyuma nabebea dagaa wa Mwaloni, na harufu haijatoka tangu mwezi wa tatu.