Paka mweusi aliyegeuka rangi ya kutu

Chausiku alikuwa mweusi tititi alipohamia kwangu Manyatta. Miezi minane baadaye, akiota jua dirishani, mgongo wake ulikuwa na rangi ya bati kuukuu. Nikasingizia jua la Kisumu. Jirani akasema ni minyoo, nikanunua dawa. Minyoo, kama alikuwa nayo, ilitoka. Kutu haikutoka.

Chakula chake kilikuwa kile cha paka wote wa mtaa wetu: ugali wa jana uliovurugwa kwenye maziwa, na mchuzi wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, ukibaki. Nani hupikia paka?

Aliyenizindua ni mpwa wangu aliye Uingereza. Huko anafuga fereti, mnyama mrefu mwembamba wa ukoo wa kicheche, ambaye Waingereza tangu zamani humtumbukiza mashimoni awafurushe sungura. Nilicheka sana. Kicheche ndani ya nyumba, na ile harufu! Yeye hakucheka. "Mjomba, wazee wa huku walimlisha mkate uliolowekwa kwenye maziwa, wakadhani wamemtendea wema. Huyu ni mla nyama tu. Utumbo wake ni mfupi, chakula kinapita kwa saa tatu au nne, nafaka haipati hata muda wa kusagika." Kisha akaniuliza: "Na Chausiku unamlisha nini?"

Nikamwambia mtandao unakatika.

Paka na fereti si ndugu wa karibu, lakini kwa chakula ni wamoja. Mbwa ameishi na binadamu hadi tumbo lake likaukubali wanga wetu. Paka alibaki na tumbo la mwindaji. Anahitaji taurini, kirutubisho kilicho kwenye nyama, ambayo mbwa huitengeneza mwilini mwake lakini yeye hawezi kutengeneza ya kutosha, na haimo kwenye mahindi wala maharagwe. Akiikosa kwa miezi mingi anaweza kupofuka, na moyo wake ukapanuka na kulegea. Ugonjwa huo wa moyo uliua paka wengi Marekani hadi mwaka 1987, watafiti walipoonyesha kwamba chanzo ni upungufu wa taurini, hata kwenye vyakula vya viwandani. Vitamini A pia: mimi na mbwa tunaipata kwenye karoti, paka lazima aikute tayari ndani ya nyama. Na weusi wa manyoya hutokana na tirosini iliyo kwenye protini. Ikipungua, paka mweusi hugeuka wa kahawia nyekundu. Kumbe jua la Kisumu nimelisingizia bure.

Sisemi ugali ni sumu. Ukipikwa vizuri paka ataweza kumeng'enya kiasi. Ubaya wake ni kwamba tumbo la paka ni dogo, na kila tonge la ugali limekalia kiti cha nyama. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wengi wakubwa. Na ule usemi wa wazee, eti paka akishiba hashiki panya, naona tuliubuni ili tusimnunulie kitu. Wangu hula akashiba, na bado huniletea panya mlangoni.

Sasa mtu wa Kisumu ataniuliza: si tuna samaki? Tunao, na hapo ndipo tunapojidanganya. Omena ni chakula kizuri kwa paka kwa sababu analiwa mzima, na mifupa yake ndiyo chokaa ya mwili. Lakini mpepete mchanga kwanza, kisha mchemshe, maana samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto hukiua. Akila samaki peke yake siku zote anaweza kuishiwa vitamini E, mafuta ya mwili yakavimba na kumuuma, hata hataki kushikwa. Mgongo wazi wa Obunga, yaani mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki minofu ikishatolewa, ni mtamu, ila mifupa hiyo ikikaangwa hubakia kooni. Chambua nyama, mengine tupa. Kosa langu kubwa lilikuwa ule mchuzi wa omena. Vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, viwe vibichi au vimekaangwa, na nani hapa hupika omena bila vitunguu?

Halafu kuna kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena unapofungwa na bei inapopanda. Miezi hiyo nategemea kuku. Jumapili naenda soko la Kibuye kwa mama anayeuza matumbo ya kuku, nachukua firigisi na mioyo, na maini kidogo tu, kwa sababu maini ya kila siku humjaza vitamini A hadi shingo ikakakamaa. Mioyo ndiyo yenye taurini nyingi. Ukichemsha, supu usiimwage. Taurini huyeyukia humo. Namimina yote kwenye bakuli, na Chausiku ambaye hagusi maji ya kunywa hulamba hadi tone la mwisho. Chumvi sitii. Mama huyo alidhani ni mboga yangu. Alipojua ni ya paka aliniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa, ila siku hizi hunitengea mioyo pembeni kabla sijafika.

Chakula cha dukani ni sawa ukikipata cha paka. Agrovet moja, duka la dawa na vyakula vya mifugo, iliniuzia cha mbwa, muuzaji akaapa ni kilekile kwenye mfuko tofauti. Si kilekile. Hakina taurini anayohitaji paka, na protini yake ni ndogo kwake. Nilimpa mbwa wa jirani, yule wa ushauri wa minyoo.

Ni mwezi wa sita sasa tangu nimbadilishie chakula. Weusi ulianzia kwenye mashina ya manyoya, ukapanda polepole. Kutu imebaki kwenye ncha ya mkia tu.