Usimnunulie mtoto violoni ya mwaka kesho

Wazazi wengi wa Lubumbashi hununua violoni (fidla) kama wanavyonunua viatu vya shule: kikubwa kidogo, ili kimfae na mwakani. Kiatu utakitia pamba mbele, siku zitaenda. Violoni haina pa kutia pamba. Mtoto wa miaka minane ukimpa ya mtu mzima atapandisha bega, atakunja kifundo cha mkono, na kidole chake cha mwisho hakitafika mahali pake kwenye uzi. Miezi michache tu, nyumbani wataanza kusema hana kipaji.

Chukua mita ya fundi cherehani. Mtoto asimame, anyooshe mkono wa kushoto pembeni, umpime kutoka shingoni hadi katikati ya kiganja. Sentimita 42 hivi ni violoni ya 1/8. 47 ni ya 1/4. 51 ni ya 1/2. 56 ni ya 3/4. Kuanzia 58 ndipo inafaa 4/4, ile kamili. Akiwa kati ya vipimo viwili, chukua kile kilicho kidogo, muuzaji aseme atakavyo. Kisha mwekee begani: vidole vyake vizunguke kichwa cha violoni bila shida, kiwiko kikiwa bado kimekunjika. Mkono ukinyooka wote, irudishe.

Karatasi iliyobandikwa ndani haikuambii kitu. Stradivari, fundi maarufu wa violoni wa Italia, alifariki 1737, na viwanda vya Markneukirchen huko Ujerumani na Mirecourt huko Ufaransa vilibandika jina lake kwenye maelfu ya violoni za wanafunzi. Ukilikuta, usiongeze hata dola moja. Angalia ubao mweusi wa vidole: kama ni mti laini uliopakwa rangi, rangi itatoka na nyuzi zitachimba mifereji. Kwenye 4/4, mwisho wa ubao huo, uzi wa mi, ule mwembamba kuliko wote, uinuke milimita 3 au 4, wa sol, ule mnene kuliko wote, kama 5. Zaidi ya hapo vidole vya mtoto vitauma. Na mkiani, pale nyuzi zinapofungwa kwa chini, pawe na skrubu ndogo nne za kurekebishia sauti, siyo moja.

Violoni nyingi zinazoingia mjini, ziwe zimepita mpaka wa Kasumbalesa au zimeagizwa kwa simu, zinafika nyuzi zimelegea na daraja limelala kwenye mfuko wa plastiki. Daraja ni kile kibao chembamba kinachobeba nyuzi. Halitiwi gundi, hata tone; linashikwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake. Miguu yake ikae usawa wa vikato vidogo vilivyo katikati ya matundu mawili yenye umbo la f, na upande wake ulio chini kidogo uwe wa uzi mwembamba, mi. Uso unaotazama mkia usimame wima. Kila unapokaza nyuzi, sehemu ya juu ya daraja inavutwa kuelekea kichwani, kwa hiyo lirudishe polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ukiliacha litapinda, au litaanguka kwa kishindo na kuumiza ubao wa juu.

Chungulia pia tundu la upande wa mi. Lazima uone kijiti kimesimama ndani, nyuma kidogo ya mguu wa daraja. Ukitikisa ukasikia kitu kinagongagonga, na kijiti hakionekani, usikaze nyuzi: ubao wa juu umekosa nguzo, unaweza kubonyea. Nacho hakina gundi, ndiyo maana nyuzi hubadilishwa moja moja. Kukisimamisha kunataka kifaa chake na mtu aliyezoea. Mimi ningetenga robo ya pesa yote kwa ajili ya mtu huyo na nyuzi mpya, kuliko kuimalizia kwenye jina la kiwanda.

Nyuzi nazo zina kipimo: uzi wa 4/4 kwenye violoni ya 1/2 hulegea na sauti hudhoofika. (Wanamuziki wa Orkestra ya Kimbanguiste ya Kinshasa walishafunga waya za breki za baiskeli. Ile ilikuwa dhiki, tusiigeuze kuwa somo.)

Halafu kuna kiangazi chetu. Kuanzia Mei hadi Septemba hewa ya hapa inakauka, mbao zinasinyaa, na vigingi, vile vijiti vya kichwani vinavyokaza nyuzi, vilivyoshika vizuri Februari vinateleza Julai. Asubuhi unakuta nyuzi zote zimelala. Kigingi huzungushwa huku unakisukuma ndani, na kikizidi kuteleza kipake chaki kidogo ya darasani. Ndani ya sanduku weka kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa kabisa, kikae kwenye kikopo cha sabuni chenye matundu, kisiguse mbao. Sanduku lenyewe lisiachwe kwenye gari juani: gundi ya violoni hulainika kwa joto, viungo vikaachia.

Upinde wa faibaglasi unamfaa mtoto kuliko wa mti wa bei rahisi, ambao hupinda upesi. Azilegeze nywele za upinde kila akimaliza kucheza, asizishike kwa vidole. Upinde mpya hauna kolofani (utomvu mkavu unaopakwa nywele za upinde) hata chembe, utapita juu ya nyuzi kimya kabisa. Kolofani mpya nayo inateleza. Ikwaruze kwanza kwa msasa, ndipo upitishe nywele mara 30 au 40 mpaka vumbi jeupe lionekane. Wako wanaorudisha violoni kwa muuzaji kwa sababu hiyo tu.