Binamu ni halali, lakini damu ipimwe

Kwetu pwani, mjadala wa kuoa mtoto wa ami humalizwa barazani kwa neno moja: "Dini imeruhusu." Ni kweli. Surat An-Nisaa, aya ya 23, imetaja dada, shangazi, mama mdogo na binti wa ndugu kuwa haramu; binamu hayumo. Surat Al-Ahzab, aya ya 50, inawataja mabinti wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa mama mdogo kwa uhalali. Bi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa binti wa shangazi yake. Hata Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inayokataza ndoa za binamu imewatoa Waislamu.

Ila halali si amri. Wazee wanaojinasibu na Imam Shafii wafungue Minhaj, kitabu cha fiqhi ya Kishafii cha Imam Nawawi: humo mke anayependekezwa ni asiyekuwa jamaa wa karibu. Yale maneno ya "oeni wa mbali msidhoofike" hayajathibiti kuwa hadithi, lakini wanachuoni waliliona jambo hili zamani, kabla maabara hazijakuwepo.

Daktari naye asitutishe kupita kiasi. Utafiti wa Bradford, Uingereza, uliochapishwa 2013, ulionyesha ndoa za binamu zinakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro, kutoka asilimia 3 hivi hadi 6. Maana yake wengi mno huzaliwa wazima.

Kinachonitia hofu mimi ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Bibi mmoja akiwa na AS, yaani amebeba chembe moja ya ugonjwa huo bila kuugua, wajukuu wake wawili wanaweza kuwa nayo bila kuumwa hata siku moja. Waoane, basi kila mimba ina uwezekano wa robo kuleta mtoto SS, yaani mgonjwa wa selimundu. Tunawajua watoto hao: macho ya njano, viganja vimevimba, usiku kilio cha mifupa. Ndugu wanasema jicho, wengine majini, na lawama yote anabebeshwa mama. (Wasiojuana nao wakiwa AS wote wawili, hesabu ni ileile.)

Tumeshazoea kuwaambia maharusi wapime Ukimwi. Iweje kipimo cha damu kwa watoto wa ndugu kionekane matusi? "Unamtilia shaka binti ya nduguyo?" Hapana, ami, nashuku damu yetu sote.

Saudi Arabia imelazimisha vipimo vya selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, kabla ya nikaha tangu 2004, na matokeo hayamzuii mtu kuoa. Nami nataka vivyo hivyo, ila kipimo kitangulie posa, na majibu wapewe wawili hao kwanza, peke yao. Posa ikivunjika ukooni baada ya mahari kutajwa, Idi ijayo ni sinia moja na hakuna anayemtazama mwenzake.