Spika za zamani hazina uchawi, zina desibeli

Wapenzi wa spika za zamani husema zina uhai ambao za leo hazina. Wanachokisikia ni kweli, nami nakisikia. Ninachokikataa ni sababu wanazozitoa: sumaku ya alniko (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), karatasi ya enzi zile inayotikisika na kutoa sauti, mikono ya mafundi wa zamani. Kwa maoni yangu jibu liko kwenye namba ambayo wanunuzi wengi hawaitazami kabisa, yaani spika inatoa desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ukiipima umbali wa mita moja.

Spika ya inchi 15 ya miaka ya 1950, ya aina iliyofungwa kwenye majumba ya sinema, mara nyingi hufika desibeli 97 au zaidi. Spika nyingi za sebuleni za leo, zile nyembamba zenye wufa (spika ya besi) ya inchi 6, hucheza kati ya 84 na 88. Pengo la desibeli 10 ni umeme mara kumi. Amplifaya ya valvu (taa za kioo za kabla ya transista) yenye wati 8 ikifungwa na spika ya desibeli 98, inatoa sauti ambayo spika ya desibeli 88 itahitaji wati 80 kuitoa.

Enzi hizo wati zilikuwa ghali, na kila kitu kwenye spika kilitengenezwa ili zisipotee bure: karatasi nyepesi, koili fupi (waya uliozungushwa unaoisukuma karatasi), sumaku nzito, boksi kubwa kama kabati la nguo. Ibonyeze karatasi yake taratibu kwa vidole. Pembeni ina mikunjo ya karatasi hiyohiyo, inasogea milimita chache kisha inagoma. Wufa ya kisasa yenye mpira pembeni inazama karibu sentimita nzima na kurudi bila kelele. Hapo ndipo besi ya leo inapotoka.

Mwaka 1954 Edgar Villchur alileta AR-1, boksi dogo lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ikifanya kazi ya springi. Besi ilishuka chini kuliko spika nyingi kubwa za wakati ule, lakini ilikula wati. Zilipokuja amplifaya za transista zenye nguvu nyingi, hasara hiyo ikafichika. Besi ya chini, boksi dogo, sauti kubwa kwa wati chache: unachagua viwili, cha tatu unakiacha. Tumekuwa tukikiacha kilekile kwa miaka 70, na hilo linanikera.

Linanikera kwa sababu ya joto. Spika ya desibeli 88 hugeuza chini ya nusu ya asilimia moja ya umeme kuwa sauti. Uliobaki unachemsha koili, shaba ikipata moto ukinzani wake unapanda, na ukiifungulia kwa nguvu muziki unabanwa pale ulipotakiwa kufunguka. Huo “uhai” wa spika za zamani, kwa sehemu kubwa, ni koili isiyotoka jasho.

Alniko yenyewe haikuachwa kwa sababu ya sauti. Ina kobalti, na vita vya jimbo la Shaba, Zaire, mwaka 1978 vilipandisha bei ya kobalti hadi viwanda vikahamia feraiti, sumaku isiyohitaji kobalti. Tena alniko ikipitiwa na mkondo mkubwa wa umeme kwenye koili inaweza kupungua nguvu.

Kwa mengine, za kisasa zimeshinda. Leo mwendo wa karatasi hupimwa kwa leza katika kila hatua, pete ya shaba ndani ya sumaku hupunguza mikwaruzo, gundi inavumilia joto. Spika mbili za zamani, baada ya miongo kadhaa, ni nadra kulingana. Na za miaka ya 1970 zenye sponji pembeni sponji yake hunata, kisha humomonyoka ukiigusa tu, wakati zile za karatasi na kitambaa zilizozitangulia bado ziko imara.

Kwa hiyo sinunui za zamani. Nachukua spika ya kisasa ya inchi 12, ya aina inayotengenezewa majukwaa ya muziki: karatasi nyepesi, desibeli 97 na kuendelea, mikwaruzo kidogo. Inataka boksi la lita 60 au zaidi, na mimi nafasi hiyo naitoa. Viwanda vya spika za nyumbani vingetuuliza kwanza kama tuko tayari kuitoa, kabla ya kutuamulia kwamba sote tunataka spika nyembamba.